MAJI YANAYOKULA CHUMA
Somo kwa wenye pompi za kumwagilia bustani

Enyi wakulima wa vijiji vya Haut-Katanga, someni somo hili taratibu. Asiyejua kusoma na asomewe na mwanawe. Ni habari ya fedha zenu na ya chakula chenu.

1. Hasara tunayoiona

Katika nchi yetu mvua hukoma mwezi wa nne, wala hairudi kwa nguvu mpaka mwezi wa kumi au wa kumi na moja. Miezi hiyo ya jua ndiyo miezi ya mboga. Mwenye bustani ya lengalenga, shu, vitunguu na nyanya kando ya Kafubu au ya Lufira, au kando ya kijito cho chote kisichokauka, huuza vizuri mjini Lubumbashi na katika kambi za wachimba madini. Tena wengi hawabebi tena maji kwa ndoo. Wamenunua pompi ya esanse, na mara nyingi ni watu kumi au ishirini waliochanga fedha zao pamoja.

Basi lipo jambo la kusikitisha. Mwaka wa kwanza pompi yafanya kazi vizuri. Mwaka wa pili yaanza kulia kama kwamba imemeza changarawe. Maji yapungua, lakini esanse yaliwa vile vile. Mwishowe fundi aifungua, akuta gurudumu la ndani limeliwa matundu matundu, kama ubao ulioliwa na mchwa. Huku nyuma mboga zimekauka, fedha za shule ya watoto zimepotea, na wenye pompi wagombana. Huyu asema mwenzake alitia esanse mbaya. Yule asema pompi imelogwa.

Si uchawi, wala si esanse. Ni maji yenyewe yaliyokula chuma. Wenye elimu ya mashini wauita ugonjwa huo kavitasio. Nao waweza kuzuiliwa. Sehemu kubwa ya dawa yake ni hii: njia ya maji iwe laini.

2. Maji yaweza kuchemka bila moto

Kwanza tujue nguvu ya hewa. Hewa ina uzito, nayo yakandamiza kila kitu, hata maji ya mto. Mtu akinywa kwa mrija wa tete, adhani anavuta kinywaji. Sivyo. Yeye aondoa hewa ndani ya mrija, na hewa ya nje yasukuma kinywaji kipande juu. Pompi iliyo juu ya ukingo yafanya vivyo hivyo. Yaondoa hewa ndani ya tiyo, na hewa ya nje yasukuma maji kuifuata.

Lakini nguvu ya hewa ina mpaka. Tangu zamani wenye kuchimba visima na mashimo ya madini huko Ulaya waliona kwamba pompi ya kuvuta haipandishi maji zaidi ya metre 10 hivi. Galileo wa Italia aliandika habari hiyo mwaka 1638. Baada yake Torricelli alionyesha sababu, kwamba ni uzito wa hewa. Kando ya bahari hewa yaweza kusukuma maji juu metre 10 na kidogo. Lakini Lubumbashi iko juu ya bahari yapata metre 1 200, na hewa ya juu ni nyepesi. Kwetu mpaka ni karibu metre 9 tu.

Jambo la pili ni hili. Maji huchemka mapema mahali ambapo kandamizo ni dogo. Kando ya bahari maji huchemka joto likifika kipimo 100. Lubumbashi huchemka karibu na kipimo 96, kwa kuwa hewa yetu yakandamiza kidogo. Kandamizo likizidi kupungua, maji huchemka hata yakiwa vuguvugu. Na likipungua kabisa, maji baridi ya mto huchemka pale pale, bila moto, bila kuongezeka joto. Mapovu hutokea ndani yake, nayo yamejaa mvuke.

Ndivyo itokeavyo ndani ya pompi. Maji yafikapo penye mabawa ya gurudumu, hukimbia sana. Na maji yanayokimbia hukandamiza kidogo kuliko maji yanayokwenda polepole. Mwendo ukizidi mara mbili, upungufu wake huzidi mara nne. Basi mahali pa mbio kubwa mapovu huzaliwa.

3. Povu lifanyalo kazi ya nyundo

Mtasema: Povu ni kitu laini, lawezaje kula chuma? Sikilizeni vema.

Povu lenyewe halidhuru likizaliwa. Ladhuru likifa. Maji yalichukua povu mbele, mpaka mahali ambapo kandamizo limerudi. Hapo mvuke hauwezi kukaa. Wageuka maji tena mara moja, na povu labaki tupu. Maji ya pande zote yaruka kuliziba shimo lile, yagongana kwa nguvu nyingi. Povu lililo karibu na chuma hutupa mshale mwembamba wa maji juu ya chuma. Ni pigo dogo sana, lakini ni kali, na mapigo ni maelfu na maelfu, mchana kutwa. Mwaka 1917 Rayleigh, mwenye elimu wa Uingereza, alipiga hesabu ya kufa kwa povu, akaonyesha kwamba nguvu yake ni kubwa mno.

Kabla yake Waingereza walikwisha kuuona ugonjwa huo katika meli. Mwaka 1894 Charles Parsons aliunda chombo kiitwacho Turbinia, chenye mashini mpya ya mvuke. Lakini parafujo yake ya kusukuma maji ilizunguka mbio mno. Ikawa yazunguka ndani ya mapovu, chombo kisipate mwendo uliotazamiwa. Mwaka 1895 Parsons alitengeneza chombo cha kutazamia parafujo ndogo ndani ya maji, ayaone mapovu kwa macho yake. Kisha akagawanya kazi kwa parafujo nyingi, na mwaka 1897 Turbinia ilipita mbio mbele ya meli za vita za Uingereza.

4. Kwa nini uso unaoparuza huleta mapovu

Hapa ndipo kiini cha somo letu. Pompi mbili ni sawa, kijito ni kimoja, nayo esanse ni moja. Moja yaugua, nyingine yapona. Mara nyingi tofauti yake ni uso wa ndani: moja ni laini, nyingine yaparuza kama jani la msasa. Sababu ni tatu.

Sababu ya kwanza: uso unaoparuza huzuia maji njiani. Tiyo ya kuvuta iliyojaa kutu, magamba na matope yakavu hula nguvu ya hewa kabla maji hayajafika penye pompi. Tufanye hesabu. Tuseme kwetu hewa yatupa metre 9. Mvuke wa maji wataka sehemu yake, kadiri ya 0,3. Pompi imewekwa metre 6 juu ya mto. Zabaki 2,7. Tiyo laini yala 0,7, basi zabaki 2. Tiyo ya kutu yala 2, basi yabaki 0,7 tu. Kama pompi yataka 1,5 ili ifanye kazi bila mapovu, yule wa tiyo laini yu salama, lakini yule wa tiyo ya kutu amekwisha kuingia hatarini, ijapokuwa pompi yake ni mpya.

Sababu ya pili: kila kinundu hufanya maji yakimbie na kuzunguka. Simama kando ya kijito, utazame jiwe lililo katikati ya maji. Ubavuni mwake maji hukimbia. Nyuma yake hufanya kizingia, na majani makavu huzungukazunguka pale. Ndani ya kizingia kandamizo ni dogo. Basi donge la chuma lililoachwa na mwenye kuchomelea, au ukingo wa mpira uliojitokeza ndani ya kiungo, ni jiwe hilo hilo katika njia ya maji ya pompi. Mapovu huzaliwa nyuma yake, hata kama mahali pengine pote ni pazuri.

Sababu ya tatu: katika vitundu vidogo hujificha mbegu za mapovu. Maji safi kabisa ndani ya chombo laini kabisa hayapendi kupasuka yafanye povu. Yataka pa kuanzia. Lakini katika mikwaruzo na vitundu vya kutu hewa kidogo hubaki imenaswa, nayo ni mbegu. Kandamizo likipungua, mbegu yavimba na kuwa povu.

Jambo hili mwaweza kulijaribu nyumbani. Tia maji katika sufuria kuukuu, uyaweke juu ya moto, utazame chini kabisa. Mapovu hayatoki po pote. Yatoka mahali pale pale, penye mkwaruzo au doa. Tena mimina limonade katika glasi, utaona mapovu yapanda mstari mmoja mmoja kutoka mahali pamoja. Ukitupa punje chache za mchanga ndani yake, mapovu yaamka kwa wingi. Mchanga umeleta pa kuanzia. Sufuria yataka moto, na mapovu ya limonade ni ya hewa iliyotiwa kiwandani, lakini mbegu zao ni za namna moja na zile za pompi.

Basi mwaona ubaya wa ugonjwa huu. Uso unaoparuza wazaa mapovu. Mapovu yachimba vitundu. Vitundu vyafanya uso uparuze zaidi. Uso huo wazaa mapovu mengi zaidi. Wahenga walisema: Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Neno hilo ni la kweli hata ndani ya pompi.

5. Mambo hayo hayo katika kazi kubwa

Msidhani ugonjwa huu ni wa pompi ndogo tu. Katika nchi yetu maji huzungusha magurudumu makubwa ya umeme. Huko Mwadingusha juu ya Lufira kazi hiyo ilianza mwaka 1930, ili kuyapa machimbo ya shaba umeme. Kituo hicho kilitengenezwa upya, kikarudi kazini mwaka 2021. Chini yake ni Koni, na juu ya mto Lualaba ni Nzilo na Nseke. Katika vituo vya namna hiyo, duniani kote, mafundi husimamisha gurudumu kwa zamu, wakapapasa mabawa yake na kutafuta vitundu. Wakiviona huvijaza kwa chuma kigumu, kisha husugua mpaka pawe laini tena na bawa lirudi katika umbo lake. Kujaza bila kusugua ni kazi nusu, maana donge lililobaki litazaa mapovu mapya.

Tena sikieni habari ya Marekani. Mwaka 1941, katika boma la Hoover juu ya mto Colorado, maji ya ziada yalipitishwa katika njia iliyochimbwa mwambani na kufunikwa saruji. Mahali pamoja saruji haikunyoka vema. Pale maji yalichimba shimo la kwenda chini karibu metre 14. Mwaka 1983 mto ule ule ulijaa, maji yakapita katika njia za boma la Glen Canyon. Juu ya saruji palikuwa na magamba ya chokaa, vinundu vidogo tu. Maji yalikimbia juu yake, mapovu yakazaliwa, saruji ikapasuka, na mwamba ukachimbwa yapata metre 11. Vinundu ambavyo mtu angevipita bila kuviangalia vilianzisha hasara kubwa katika njia za maji za boma.

Baadaye wakafanya saruji kuwa laini, tena wakakata mfereji wa kuingiza hewa chini ya maji, kwa kuwa hewa ile hulainisha mapigo. Lakini ninyi msiige neno hilo. Hewa ikiingia katika tiyo ya kuvuta, pompi huacha kupandisha maji. Dawa ya boma si dawa ya bustani.

6. Jinsi ya kuutambua ugonjwa

Kwanza, sikiliza. Pompi yenye kavitasio yalia kama changarawe zapita ndani yake, ijapokuwa maji ni safi. Yatetemeka, na maji yatoka machache.

Lakini hewa inayoingia kwa ufa yaweza kuleta dalili zinazofanana nazo. Basi paka sabuni ya maji juu ya kila kiungo cha tiyo ya kuvuta, pompi ikiwa yazunguka. Sabuni ikivutwa ndani, pana ufa. Uzibe kwanza.

Pili, pompi ikifunguliwa, tazama jeraha lenyewe. Mchanga husugua chuma, huacha mifereji mirefu inayong’aa, ikifuata njia ya maji. Kutu huacha magamba mekundu. Kavitasio huacha vitundu vilivyokaribiana, vyenye kingo kali, kama sega la nyuki. Mara nyingi vyakaa karibu na mwanzo wa mabawa, au nyuma ya kinundu. Yaweza kuwa majeraha mawili au matatu yamekutana. Kwa maana kutu na mchanga hufungua njia, kisha mapovu huingia. Na ninyi mkaao karibu na machimbo, jueni kwamba maji yaliyopita katika mawe ya madini mara nyingine ni makali, hula chuma upesi. Hapo kagueni pompi mara nyingi zaidi.

7. Maagizo ya kushika

1. Weka pompi karibu na maji kadiri uwezavyo. Kila metre unayoishusha ni faida. Kwetu Katanga kupita metre 5 au 6 si busara. Katika mashimo marefu ya madini, kama lile la Kipushi, pompi huwekwa chini zisukume maji juu, hazikai juu zikiyavuta. Lakini mto ukijaa, ipandishe.

2. Tiyo ya kuvuta iwe fupi, ngumu isiyojikunja, na laini ndani. Isiwe nyembamba kuliko mdomo wa pompi. Tiyo yenye upana mara mbili hupitisha maji yale yale kwa mwendo uliopungua mara nne.

3. Usiweke kona kali karibu na mdomo wa pompi. Maji na yafike yakiwa yamenyoka.

4. Mpira wa kiungo ukatwe vizuri, usijitokeze ndani. Ukiunga tiyo ya chuma, ondoa kingo kali na madonge kwa tupa. Pitisha kidole ndani. Kidole kikikwama, maji nayo yatakwama.

5. Weka kichujio mwisho wa tiyo, kisiguse mchanga wa chini. Kisafishe kila siku. Kichujio kilichozibwa na majani ni sawa na tiyo nyembamba.

6. Ukitaka kupunguza maji, punguza upande wa kutokea, usipunguze kamwe upande wa kuvuta.

7. Jua likiisha, toa maji yote, osha pompi kwa maji safi, ikaushe, uiweke mahali pakavu, kutu isije ikaanza kulala ndani yake.

8. Kila mwaka, kabla ya mwezi wa tano, fundi aifungue. Vikiwapo vitundu vidogo, na avisugue kwa msasa mwembamba kwa kufuata njia ya maji, wala si kwa kuikata. Asikwangue mno, gurudumu lisije likakonda na kupoteza usawa wake.

9. Vitundu vikiwa vikubwa, fundi ajuaye kuchomelea avijaze, kisha asugue mpaka pawe laini. Ukinunua gurudumu jipya, la shaba nyeusi au la chuma kisichoshika kutu hustahimili kuliko la chuma cha kawaida. Lakini sababu isipoondolewa, nalo litaliwa.

10. Usifiche jeraha kwa rangi. Rangi hubanduka, na ukingo wake ni kinundu kingine.

11. Wenye pompi moja wachague mtu mmoja wa kuiangalia, naye aandike katika daftari siku ya kuosha, siku ya kufungua, na aliyoyaona. Daftari huondoa ugomvi kuliko maneno mengi.

8. Maulizo

Kwa nini pompi ya Lubumbashi haiwezi kuvuta maji kutoka chini sana kama pompi ya kando ya bahari?

Povu ladhuru chuma lini: likizaliwa au likifa?

Taja sababu tatu zinazofanya uso unaoparuza ulete mapovu.

Jirani yako ameweka pompi metre 6 juu ya kijito, na tiyo yake imejaa kutu. Hana fedha ya kununua pompi nyingine. Afanye nini kwanza, na afanye nini baadaye?

Ulizo hili la mwisho lijibiwe na wote pamoja, mkiwa mmesimama mbele ya pompi yenu wenyewe. Aishushe pompi, kwa kuwa kuishusha hakutaki fedha. Kisha aisafishe au aibadilishe tiyo. Ndipo azungushe mashini na kusikiliza. Changarawe zikinyamaza, bustani itafika mwezi wa kenda ikiwa mbichi.